Mwaka Nilioambiwa Nimuue Felista

Pampu ya boza la maji ilikuwa na sauti ya mtu mnene anayekoroma akiwa amekasirika. Bado ninaisikia. Ilianza kwa kikohozi, ikanguruma, kisha ikatulia kwenye mlio mmoja mzito uliofanya vikombe vya kabatini vigongane polepole. Mimi huko juu niliacha kuandika nikaenda dirishani, kwa sababu siku ya boza ndiyo siku pekee geti la nyumba ile lilifunguliwa likabaki wazi. Aliyekaa Kitengela anajua habari ya maji, sina haja ya kueleza. Niliangalia dereva akivuta mpira hadi kwenye tangi la chini, akipiga stori na askari wa geti, na nyuma yao niliona kipande cha barabara ya vumbi, mbuzi wa mtu wakila karatasi, na ploti iliyozungushiwa waya yenye ukuta mdogo ulioandikwa kwa rangi nyekundu: Shamba hili haliuzwi. Pampu ikizimwa, geti linafungwa, na mimi narudi mezani. Hakuna aliyenifungia, nataka niseme hivyo mapema, maana mwenye nyumba ana jamaa na jamaa wanasoma. Ningeshuka ngazi nikasema naenda sokoni kununua nyanya, hakuna ambaye angenishika mkono. Lakini sikushuka. Nilikuwa na miaka ishirini, mcheshi, mwepesi wa kulia, na nilikaa kwenye nyumba ile karibu mwaka mzima kama ng'ombe aliyezoea boma hata usipoweka miiba mlangoni.

Mwezi uliopita tulimzika mwenye nyumba hiyo. Tulimzika kwao, mbele ya mji wa Kajiado, mahali magari yanapoacha lami na kufuata vumbi hadi hema nyeupe zionekane. Sikukaa mbele. Nilisimama nyuma karibu na akina mama wa kupika, mwavuli mkononi kwa ajili ya jua. Historia ya marehemu iliposomwa ikaisha, mwanawe Lemayian alifungua kitabu cha pili cha mamake akasoma pale Felista anapomwosha bintiye Neema nywele, anamfunga kitambaa, anasema amechoka kidogo, analala, haamki. Watu walilia. Mama mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu, simjui, alijifuta kwa ncha ya leso akaniambia, "Huyu mama alijua kuandika, wee." Nikamjibu, "Alijua." Na alijua kweli. Ila ukurasa ule niliuandika mimi, kwenye meza ya plastiki karibu na dirisha nililowaambia, na kabla yule mama hajaulilia nilikuwa nimeulilia mimi miaka kumi nyuma. Sikumwambia. Mazishi si mahali pa mtu kujitangaza, na pia nilikuwa nimeshikwa na kitu kingine. Tangu asubuhi hakuna mtu wa familia aliyetaja jina la marehemu. Pasta alilitaja, kwa sababu alitoka mbali, lakini watu wake walisema "yeyo", yaani mama, wakasema "mwenda zake", wakapita kando ya jina lile vile mtu anapita kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwao mtu akifa jina lake haliitwi. Kwa hivyo hata mimi hapa sitaliita. Nitamwita nilivyomwita nikiwa kwake, Mama Lemayian.

Kitabu chake cha kwanza kilinipata Isinya. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, ninafanya kazi ya kupanga waridi kwa urefu wa shina kwenye shamba la maua, na kitabu kile chembamba kilikuwa kikizunguka kwa wasichana wa zamu yetu hadi jalada likaisha. Kilikuwa juu ya Felista, mwanamke anayemkimbia mume mkali. Hakuwa mrembo wala mwerevu kupita kiasi, lakini alikuwa na maneno yake, na akiulizwa kwa nini amenuna alisema, "Mimi siko na hasira, niko na njaa." Tulisema hivyo kazini mpaka msimamizi naye akaanza kusema. Sasa kitabu kinaisha Felista akiwa amesimama kando ya barabara pale Kisaju, beseni kichwani, begi miguuni, hajui aende juu Kitengela ama chini Namanga. Kinaishia hapo. Tulikasirika. "Hii sasa ni nini?" mmoja wetu alisema akigeuza ukurasa wa nyuma kama kwamba mengine yameangukia huko. "Amemwacha kwa jua hivi, hata maji hajampa?" Huruma ilinishika, nikachukua simu wakati wa chakula cha mchana nikaandika, nikampeleka Felista mimi mwenyewe. Nilimleta Isinya, nikampa kazi ya maua, nikampa chumba cha mabati, na baada ya muda nikampa mtoto, Neema, aliyezaliwa mvua ikinyesha na ambaye tangu hapo akisikia mvua kwenye mabati anacheka. Niliwatumia wenzangu, nao wakawatumia dada zao, na ndivyo lilivyoanza kundi la simu nililoliita Felista Alifika. Kila Jumapili sehemu mpya. Sikufikiria ninachukua cha mtu. Nilifikiria ninamalizia.

Mama Lemayian alijua habari zangu ukumbini, mbele ya watu. Alikuwa amealikwa na akina mama wa kanisa moja Kajiado azungumze juu ya kitabu chake, na wakati wa maswali mama mmoja akasimama kwa upole kabisa akauliza, "Mwalimu, Neema alipona ile homa?" Yeye akauliza, "Neema ni nani?" Ukumbi mzima ukacheka, wakidhani anawaficha utamu wa mbele. Mwingine akasema, "Tuambie tu, tumelala vibaya wiki nzima." Baadaye alinisimulia kwamba alisimama pale akitabasamu huku shingo ikimwaka moto, kwa sababu watu walikuwa wakilia kwa ajili ya mtoto wa mtu wake na yeye hajui hata sura yake. Alitafuta namba ya mwenye kundi. Simu ilipolia nilikuwa nafua.

"Wewe ndiye mama ya Neema?"

"Ndiyo, madam. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mama ya Felista. Kwa hivyo mimi ni nyanya, na hakuna mtu aliniambia."

Nilikaa chini kwenye saruji na mapovu mikononi. Nilitegemea polisi. Badala yake aliniuliza nimesoma hadi wapi, nani alinifundisha kumaliza sehemu pale mtu anaposhika mlango, na kama ningeweza kuja kwake tuzungumze. Nilipofika aliniwekea chai ya maziwa mazito na mkate, akaniangalia nikila, kisha akasema wazi. Mchapishaji wake alikuwa anadai kitabu cha pili, naye alikuwa amejaribu mwaka na zaidi, Felista amekataa kutoka pale barabarani. "Wewe ulimtoa kwa simu ya mulika mwizi," alisema, ingawa simu yangu haikuwa mbaya hivyo. Nikae naye, nile nilale, anipe kitu cha mwezi, tuandike pamoja. Kundi nilifunge. Na jina kwenye jalada litakuwa la mwenye Felista. Nilikubali kabla hajamaliza. Mnielewe, kwangu ilikuwa kama mtu aliyeimba wimbo wa kwaya bafuni, mwalimu wa kwaya akafungua mlango akasema njoo.

Chumba kilikuwa juu, kidogo, kisafi, kimepakwa rangi ya maziwa. Asubuhi niliandika kwenye kompyuta yake ya zamani yenye herufi zilizofutika, mchana nilipika, alasiri alipanda na chai akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akafumba macho akaniambia, "Soma, nakerai," yaani mtoto wangu. Alisikiliza kwa mdomo uliobanwa. Nilipoweka sukari nyingi alinisimamisha. "Usimpende mbele ya watu. Mpende kwako, nje mwache ajitetee." Hayo ndiyo masomo yangu ya kidato cha tatu na cha nne. Alikata, akarudisha, akaniuliza Felista amevaa nini miguuni, na mara nyingi alikuwa sahihi. Alinipenda, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana mtu anayekuchukia utaruka ukuta umwache, lakini huyu alikuwa anakununulia mafuta ya kupaka kwa sababu ameona mikono yako imepauka. Simu yangu ilikaa chini kwenye kabati la televisheni, imezimwa tangu nifike, eti watu wa kundi wasinisumbue. Nikisema naenda Isinya kuona wenzangu, alishangaa kidogo, bila ukali. "Utaenda leo na Felista yuko njiani?" Basi nilibaki, kwa sababu kweli alikuwa njiani.

Jumamosi walikuja waandishi kula. Walikuwa wawili tu wa kudumu, Mwalimu Wafula, mwalimu mstaafu mwenye riwaya za shule na suti moja ya kijivu, na Akinyi, aliyeandika michezo ya redio na kucheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Niliwapikia mbuzi wa kuchemsha, ugali, mboga, na nikipata nafasi muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe vile tunavyofanya kwetu Ukambani, na Mwalimu Wafula alikuwa anaongeza mara mbili. Hawakujua kazi yangu ya asubuhi. Walinijua kama Mutheu wa jikoni. Nami nikizunguka na sufuria nilisikia yote, na mada haikukosa kufika kwenye hadithi za mashabiki, ndivyo Akinyi alivyoziita, hadithi ambazo msomaji anachukua watu wa mwandishi na kuwaendeleza kivyake.

"Kuiga mtindo ni shule, hiyo sikatai," Mwalimu Wafula alisema siku moja akivunja mfupa. "Lakini kumchukua mtu wa mwenzako, na jina lake, na ndoa yake, na kovu lake la goti, ukamwambia sasa kaa kwangu, huo ni wizi wa mifugo."

"Wizi wa mifugo usinifundishe mimi, Wafula," Mama Lemayian, binti wa wafugaji, alisema, wakacheka wote.

"Na wewe mwalimu," Akinyi akasema, "barua zako za kwanza za mapenzi uliandika maneno ya nani? Si ulinakili kwa vitabu ukabadilisha jina la msichana?"

"Hizo hazikuchapishwa."

"Hata za hawa hazichapishwi. Wanatumiana tu kwa simu. Mtu akipenda wimbo wako si ataimba jikoni kwake?"

"Aimbe. Asirekodi."

"Kinachoniuma si wizi," Mama Lemayian alisema, na sauti yake ikashuka. "Mimi nilikaa na Felista miaka mingi. Nilimbeba wakati nanyonyesha Lemayian, nilimbeba kwa msiba wa mume wangu. Halafu mtu anakuja anamzalisha kwa wiki moja, na watu wanampigia makofi. Hakuniuliza. Hata salamu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika. Mwalimu Wafula alinyoosha kikombe akasema, "Huyu msichana wako ana mkono mzuri wa chai. Anasoma?" Akajibu bila kugeuka, "Anasoma." Nikamimina. Walipoenda aliingia jikoni akachukua kitambaa akaanza kupanguza sahani nilizoosha, kitu ambacho hakufanya mara nyingi. "Usiweke moyoni, nakerai. Ni maneno ya meza." Nikamuuliza kama anayaamini. Alifuta sahani moja muda mrefu. "Ninaamini. Na bado ninakuhitaji. Sasa hizo mbili niziweke wapi?" Nilimhurumia. Hiyo ndiyo akili yangu ya siku zile, nilimhurumia yeye.

Kile nilichotaka mwaka ule kilikuwa kimoja, na sikumwambia mtu. Nilitaka kuandika mtu wangu mwenyewe, ambaye hakuna yeyote angesema nimemtoa kwake. Nilijaribu. Mchana mmoja baada ya boza kuondoka nilianza habari ya Kioko, fundi wa pampu, mwanaume mrefu mwenye kigugumizi. Kufikia ukurasa wa pili kigugumizi kilikuwa kimepotea na Kioko alikuwa anamwambia mkewe, "Mimi siko na hasira, niko na njaa." Nilifuta. Nikaanza mwanamke mzee, akaanza kusimama kando ya barabara. Nikaanza mtoto, akawa Neema. Kila mlango niliofungua, Felista alikuwa ameshafika amekaa, beseni lake pembeni. Hapo ndipo niliogopa kweli, kuliko geti, kuliko ile simu ya kabatini. Niliogopa kwamba sina mtu mwingine ndani yangu, kwamba Mwalimu Wafula amesema kweli, mimi ni wa kula kwa wengine tu, na nikitoka kwa nyumba ile nitatoka mtupu kwa sababu Felista anabaki na mwenyewe. Kioko alikuja kupata kigugumizi chake miaka mingi mbele, kwenye kimoja cha vitabu vyangu viwili vyembamba vya watoto, lakini wakati ule sikujua kama kuna mbele. Nilishuka kupika na kuimba kama kawaida. Mama Lemayian alikuwa akisema nyumba imekuwa na ndege.

Kitabu kilikaribia kuisha. Kisha siku moja akarudi kutoka Kajiado amenyamaza. Alikuwa ameona vijana wa kanisa wakiigiza Felista kwenye uwanja wa shule, na Felista wao alikuwa anarudi kwa mume wake na kuombwa msamaha kwa maikrofoni. Jumamosi aliiweka habari hiyo mezani. Akinyi alicheka mpaka akakohoa, lakini Mwalimu Wafula alifuta midomo akasema, "Mmalize. Mtu akiwa hai kila mtu anamvuta. Akizikwa wewe ndiye wa mwisho." Jioni yake, jua likiwa bado kwenye ngazi, Mama Lemayian alipanda akaketi kitandani, akaniambia Felista lazima afe, na mimi ndiye nitaandika kwa sababu yeye amejaribu mkono umekataa. "Kwetu mtu akienda, jina lake tunaliacha. Jirani yetu alipokufa, binamu yake mwenye jina lilelile alitafutiwa lingine. Siku hizi watu wameokoka, wanaitana tu, lakini mimi ulimi wangu bado unakataa. Nataka Felista aende hivyo. Aheshimiwe. Asiitwe na kila mtu."

Nilimtafutia Felista kifo kisichouma, na ilichukua muda, na tulikizungumza tukila, kama watu wanaopanga harusi. "Gari," alisema. Nikasema, "Mama, gari linaumiza." "Basi nyoka. Kisaju kuna nyoka." "Nyoka, mama? Na mtoto anaangalia?" Tukala. "Mto ukifurika," akasema. Nikasema mvua hapana, mvua ni ya Neema. Alinitazama juu ya kijiko, akacheka kwa pua, kisha macho yake yakajaa maji, nami vilevile, tukaendelea na sukuma. Mwishowe niliandika ule ukurasa wa kuosha nywele. Niliuandika asubuhi moja bila kusimama, na Felista alipolala nililaza kichwa kwenye meza nikalia. Halafu nikaona siwezi kumwacha Mama Lemayian na huzuni ile. Nilifikiria vile kwetu tunafanya. Mimi jina langu ni la susu, nyanya yangu mzaa baba, aliyekufa kabla sijazaliwa. Babangu aliniita mwaitu, mama yangu, hata siku alizonichapa. Nilikua nikijua kwamba kuna mtu alikufa akarudi kwa mlango wangu, na ndiyo maana ndugu za baba waliniheshimu nikiwa bado na kamasi. Basi nikaongeza sentensi tatu mwishoni. Miaka imepita, Neema amejifungua msichana, wanamuuliza anaitwa nani, naye anasema, Felista. Niliona nimemletea zawadi.

Alisoma sebuleni, kwenye kiti chake karibu na pazia. Nilikaa sakafuni nikipepeta maharagwe ili nisimwangalie. Nilimsikia akivuta pumzi kwenye nywele, nikamsikia akilia kidogo bila aibu. Kisha akageuza ukurasa. Maharagwe yangu yakawa na kelele.

"Nani amekuambia umrudishe?"

"Sijamrudisha, mama. Amekufa. Huyu ni mtoto."

"Umemwita jina lake."

"Si ndiyo heshima? Aliyekufa ndiye anapewa mtoto, ama jina litalala wapi?"

"Linalala naye." Akaziweka karatasi magotini. "Nimekuambia ufunge mlango, wewe umefunga ukaacha ufunguo nje. Kesho kutwa kila mtu ataandika habari ya huyo mtoto. Na mimi, Mutheu, umeniitia maiti ndani ya nyumba yangu."

Hakuwahi kuniita jina kabla ya siku ile. Nilimweleza juu ya susu, juu ya babangu, nikiongea haraka, kwa Kiswahili kilichojaa Kikamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo. Akasema, "Hiyo ni yenu. Nzuri. Lakini Felista ni wa kwetu." Mimi nikasema, na sijui nilitoa wapi nguvu, "Neema ni wa kwetu." Tuliangaliana. Kwa mara ya kwanza tangu nifike kulikuwa na watu wawili sebuleni waliozaa. Alichukua kalamu kutoka kwa nywele zake akakata zile sentensi tatu, polepole, mstari mmoja kwa kila moja, akasema kitabu kimeisha.

Wiki iliyofuata nilimwambia nataka kwenda. Hakuuliza wapi. Alinifungia chapati kwa gazeti, akanipa mafuta ya kupaka yaliyobaki, na pale mlangoni alishika kichwa changu vile wazee wa kwao wanavyowasalimu watoto. "Usimwandike tena," alisema. Nikasema sawa. "Niambie vizuri." Nikasema, "Sitamwandika tena, mama." Sikuwahi. Mwaka uliofuata kitabu kilitoka, kikasomwa sana, na Mwalimu Wafula aliandika gazetini kwamba mwisho wake unaonyesha mkono wa mwandishi aliyekomaa. Nilinunua nakala moja Kitengela nikaifunika kwa karatasi ya kaki. Tulisalimiana kwa simu kila Krismasi, mimi na yeye, hadi hii iliyopita.

Lakini kabla ya hayo yote, siku ileile niliyotoka, nilikodi chumba Kisaju nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Kilikuwa na kitanda na dirisha la kuangalia barabara, basi. Alasiri nililala chali nikasikiliza malori, nikangoja nione kama kuna mtu yeyote kichwani. Hakuna. Nikawasha simu. Nilidhani kundi limekufa, nililifunga kwa mkono wangu. Kumbe msichana mmoja kutoka Embulbul anaitwa Mercy, msomaji wangu wa tangu mwanzo, aliyekuwa na mazoea ya kutuma vidole gumba tu, alikuwa amefungua lingine akatuingiza wote. Na alikuwa anaandika. Miezi yote niliyokuwa juu kwenye chumba cha rangi ya maziwa, Mercy alikuwa anaendelea kutoka pale nilipoachia. Nilianza kusoma nikitabasamu. Aliandika vibaya kidogo, sentensi ndefu zisizopumua, lakini Felista alikuwa Felista, anadaiwa vitunguu, anajibu watu. Nikafika mahali mvua inaanza kunyesha kwenye mabati. Na Neema, Neema wangu, anaacha kijiko chake anakimbia kujificha chini ya meza, anatetemeka, ameziba masikio.

Niliketi. Shingo iliniwaka moto. Vidole vilikuwa vimeshaandika kabla sijafikiri: Neema haogopi mvua, alizaliwa nayo, nani amekuambia anaogopa, umeniuliza? Nilisoma nilichoandika. Nilikisoma tena, na kwa sauti, kwenye chumba kile kitupu, na haikuwa sauti yangu niliyoisikia. Nilirudi juu nikasoma ya Mercy kutoka mwanzo, polepole safari hii. Mtoto yuko chini ya meza. Mamake amepiga magoti, mkono mmoja ameunyoosha gizani kumtafuta, na hapo mtu anabisha mlango. Sehemu ikaishia hapo. Nilishikilia kidole kwenye kitufe cha kufuta mpaka maneno yangu yote yakaisha moja moja. Kisha, kama msomaji mwingine yeyote wa kundi lile, nikaandika, "Halafu?" Nikatuma.